Mama Alipokataa Kunywa Dawa

Nilikuwa nimekwenda kijijini kuvuna karanga, wala sikuwa na habari ya jambo jingine. Mama alikuwa ameteleza kisimani, goti likavimba, na shamba lilikuwa limekwisha kuiva. Nikafunga chumba changu cha cherehani pale Mtendeni, Tabora mjini, nikawaomba wateja wa sare za shule wanivumilie wiki mbili, nikapanda basi la Ulyankulu. Kijiji chetu kiko kando ya njia ya zamani ya misafara. Mvua kubwa ikinyesha, shanga za watu wa kale huibuka mashambani, na sisi tulipokuwa watoto tulizitunga na kuzivaa shingoni bila kujiuliza zilikuwa za nani.

Nilipofika sikuupenda ukimya nilioukuta. Wanawake kisimani waliitikia salamu yangu kwa sauti ya chini, wakaharakisha kujaza ndoo zao. Mama alinieleza baadaye, ameketi kizingitini, mguu ameunyoosha. Mwishoni mwa masika watoto watatu wa upande wa bondeni walikufa kwa kuhara na kutapika, mmoja baada ya mwingine, ndani ya mwezi mmoja. Wa mwisho alizikwa wiki moja kabla sijafika. Tangu hapo watu walikuwa wameanza kuangaliana.

"Wanamwangalia nani?" nikamuuliza.

Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mwanangu, mimi ni mjane, nimezeeka, nakaa peke yangu, na macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni. Unafikiri wanamwangalia nani?"

Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Nikiwa darasa la tano, bibi mmoja wa kijiji cha jirani aliitwa mchawi akakatwa mapanga nyumbani kwake, na sisi wanafunzi tulipita pale asubuhi tukienda shule. Sikuona kitu, mlango ulikuwa umefungwa, lakini mpaka leo naukumbuka ule mlango kuliko milango yote niliyopata kuiona.

Siku ya tatu, mgambo akapita na kipaza sauti. Alisema mkutano umekubaliana kijiji kisafishwe, na kwamba lambalamba wangefika Jumatano. Hao ni waganga wanaotembea kwa kundi kutoka kijiji hadi kijiji, wanaodai kuwa wanaweza kuunusa uchawi na kuuchimbua ardhini. Serikali imewakataza, kila mtu anajua, lakini mtendaji wa kijiji alikuwa mjini kwenye semina, na mwenyekiti wa kitongoji chetu alikuwa ameona hasira ya watu akanywea. Mgambo alitangaza na utaratibu. Kila mtu mzima angepiga magoti hadharani mbele ya tunguri, angeitaja mizimu ya mganga mkuu kwamba ndiyo inayoshika uhai wake, kisha angekunywa dawa. Akinywa, angefungwa uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono. Atakayekataa atakuwa amejitaja mwenyewe.

Mama alikuwa akimenya karanga. Hakusimamisha mikono. Sauti ya kipaza ilipofifia akasema, "Mimi sinywi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasemaje, mama?"

"Nimesema sinywi. Nilibatizwa nikiwa msichana, nikasema namkana shetani na mambo yake yote. Sasa nimebakiza miaka michache, nikapige magoti mbele ya kibuyu?"

"Ni maji na majani tu, mama. Mungu anaona moyo."

"Ndiyo maneno yenyewe hayo," akasema. "Baba yako alikuwa anatusimulia kwamba ndivyo walivyoambiwa hata wale Wakristo wa kwanza."

Niseme kidogo habari za baba. Alikuwa mpishi kwenye seminari ya Kipalapala tangu ujana wake mpaka nguvu zilipomwisha. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Lakini mafrateri, wale wanaosomea upadri, walipokaribia mitihani ya historia ya Kanisa walikuwa na kawaida ya kuja nyuma ya jiko, wakimsaidia kuchambua maharage huku wakiulizana maswali, na baba aliyashika yote. Alirudi nyumbani kila baada ya wiki kadhaa na baiskeli yake, amebeba sukari, sabuni na hadithi za watu waliokufa zamani mno katika nchi za mbali. Wengine kijijini walikuwa na babu waliosimulia habari za sungura na fisi. Sisi tulikuwa na magereza ya Kirumi.

Sikuzipenda. Nasema ukweli. Nilikuwa mtoto mwoga, na kila baba alipoanza kueleza jinsi watu walivyotupwa mbele ya wanyama nilijifunika khanga ya mama mpaka usoni. Kulikuwa na mama kijana wa Afrika ya kaskazini, aliyekuwa na mtoto anayenyonya, na baba yake mzazi akaja gerezani kumwomba kwa machozi atoe sadaka kwa sanamu ya mfalme ili aachiwe. Alikuwepo mzee askofu ambaye askari walipokuja kumkamata aliagiza wapewe chakula, akaomba saa moja ya kusali. Baba alizisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Nilikua nikiamini kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa watu wa aina nyingine, wasio na tumbo la kusokota wala magoti ya kutetemeka, na kwamba mimi sikuwa mmoja wao.

Jumatano lambalamba wakafika. Walikuwa wanaume saba na ngoma mbili, mbele yao mganga mkuu, mtu mrefu aliyevaa joho jekundu lenye mikono mipana. Walipiga kambi uwanja wa mnada. Siku nzima tulisikia ngoma, na katikati ya ngoma kelele za watu, na kila kelele ilipopanda nilitoka kutazama barabara. Jioni tuliambiwa kwamba wamechimbua pembe nyumbani kwa mzee mmoja wa bondeni, kwamba amepigwa sana, na kwamba wanawe wamempakia kwenye pikipiki kuelekea Urambo.

Katekista wetu hakuonekana. Mke wake alisema amekwenda msibani, lakini hakusema msiba wa nani.

Nilimsihi mama tuondoke. Tungeweza kupanda basi la asubuhi kwenda Tabora. Akakataa. Alisema akiondoka nyumba itabomolewa na shamba litagawanywa, na kila mtu atasema alikimbia kwa kuwa ni kweli. Nililia mbele yake. Naye alikuwa akiogopa, nilimwona. Kikombe cha chai kiligonga meno yake. Lakini hofu yake na yangu hazikuwa za namna moja. Yangu ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea.

Alhamisi asubuhi nikamwambia naenda kisimani. Niliacha ndoo nyuma ya kichaka, nikaenda uwanja wa mnada. Nilijidanganya kwamba nikinywa mimi kwa niaba ya nyumba labda watairuka. Foleni ilikuwa ndefu. Niliwaona humo watu tunaosali nao kigangoni, mwimbaji wa kwaya, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, na hakuna aliyeniangalia usoni wala mimi sikumwangalia mtu. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti. Niliyatamka maneno yale yote. Dawa ilikuwa chungu, yenye harufu ya udongo, nikaimeza, wakanifunga uzi mweusi. Mmoja wao akaniuliza, "Wewe ni wa nyumba gani?" Nikamwambia.

Akatabasamu. "Ah. Mama yako mbona hajaja?"

Nilirudi na ndoo tupu. Mama aliuona uzi kabla sijavuka uzio. Nilisubiri anikaripie, nikatamani hata anipige, kwa sababu ningekuwa na kitu cha kukasirikia. Akanionyesha kigoda. "Kaa," akasema. "Umekula?"

"Mama, nimekunywa."

"Naona."

"Niliogopa."

"Naona pia." Akanisogezea bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na kwa kuwa sikugusa, akaanza kula yeye, polepole, akiangalia barabara. Kisha akasema, "Unaikumbuka ile ya vyeti?"

Sikuikumbuka. Hadithi hiyo nadhani baba alimsimulia mama peke yake, au alituambia nikiwa nimejifunika khanga. Mama akaisimulia, na ilikuwa ajabu kuisikia kwa sauti yake, maana kwetu hadithi hizo zilikuwa mali ya baba.

Alisema kuna wakati mfalme wa Roma aliamuru kila mtu katika nchi zake zote atoe ubani kwa miungu, mbele ya maofisa, kisha apewe cheti cha kuonyesha ametoa. Asiye na cheti alikuwa mashakani. Wapo waliokataa wakafa. Lakini si hao waliokuwa wengi. Wengi sana katika Wakristo walikwenda. Wengine walikimbilia kwenda kabla hata hawajaitwa. Wengine hawakutoa ubani, ila walitafuta cheti kwa njia za pembeni. Askofu mmoja mkubwa alikimbia akajificha, akawa anawaandikia watu wake barua kutoka mafichoni, na watu wakamsema vibaya. Halafu mateso yakapoa. Na wale waliokuwa wamekwenda wakarudi, wakasimama milango ya makanisa, wakilia, wakiwaomba waliokuwa wakiingia kusali wawakumbuke.

"Wakafukuzwa?" nikauliza.

"Palikuwa na mabishano. Wapo waliosema wasipokelewe mpaka kufa. Baba yako alisema wale wakali waliondoka wakaanzisha kanisa lao. Lakini Kanisa likaamua wapokelewe, baada ya toba. Iliwachukua muda. Na yule askofu aliyekimbia, alipotafutwa mara ya pili, miaka michache baadaye, hakukimbia tena." "Baba yako aliipenda hiyo kuliko zote. Alisema hao wengine ni watakatifu, anawaheshimu, lakini hawa wa mlangoni ndio ndugu zake."

Nilimtazama. "Baba alipata kufanya nini?"

"Hilo aliliungama, likaisha," mama akasema, na hakuniambia kamwe.

Sijui kama naweza kueleza maneno hayo yalinifanyia nini. Hofu haikuondoka. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijiona ndani ya zile hadithi, si kwenye safu ya mbele, bali nje kabisa, penye mlango, lakini nilikuwemo. Nikachukua mkasi wa kushonea kwenye mkoba wangu ili niukate uzi. Mama akanizuia mkono.

"Usiukate kwa kunifurahisha mimi. Ukiukata, ujue unachofanya. Watakuja kesho."

Niliushika ule mkasi kwa muda, nikaurudisha kwenye mkoba. Sikuukata siku hiyo.

Walikuja Ijumaa, jua likiwa limepanda. Tulizisikia ngoma tangu mbali, zikitoka nyumba hadi nyumba, na tulijua jinsi zilivyokuwa zikitukaribia kwa kusikia mbwa wa kila boma. Mama alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akaketi kwenye kigoda mlangoni, rozari mkononi. Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika.

Niliporudi nilimkuta jirani yetu ameketi chini, karibu na mguu wa mama. Ni mwanamke mdogo kidogo kwa mama, aliyeletwa Ulyankulu mgongoni mwa dada yake walipokimbia Burundi, na kwa miaka mingi sasa ni raia kama sisi na shamba lake limepakana na letu. Alikuwa na uzi mweusi mkononi. Hakusema kwa nini amekuja. Alikuwa ameleta ungo wake wa karanga, akaendelea kumenya kana kwamba siku ilikuwa kama siku nyingine.

"Dada, nenda nyumbani kwako," mama akamwambia.

"Hapa pana kivuli kizuri," akajibu.

Uwanja wetu ukajaa. Sijui walikuwa watu wangapi, nilijua kwamba nilifahamu karibu kila uso na kwamba hakuna uso uliokuwa kama nilivyoufahamu. Vijana niliowashonea kaptura za shule walikuwa na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alisimama pembeni, kofia mkononi. Mganga mkuu akaja mbele, akamsalimu mama kwa adabu, kwa Kinyamwezi, akamwita mayu kama mtu anavyomwita mama yake. Kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mayu, tumekuletea dawa hapa hapa, kwa heshima ya uzee wako. Kunywa tuondoke."

Mama akasema, "Asante, mwanangu. Sinywi."

"Unaogopa nini kama huna kitu?"

"Ninaogopa sana," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, kila mtu aliisikia. "Nawaogopa ninyi. Naogopa kupigwa. Lakini mimi nina Bwana mmoja, na siwezi kumpigia magoti mwingine. Watoto wale niliwalilia. Mmoja nilimkanda tumbo kwa mkono huu. Sikumdhuru mtu."

Machozi yalikuwa yakimtiririka na pua inatoka kamasi, na hakujifuta. Nilikuwa nikitarajia, sijui kwa nini, kwamba saa hiyo ikifika atakuwa mtulivu kama wale wa hadithi. Hakuwa mtulivu. Alitetemeka mpaka kigoda kikagonga ukuta. Ila hakuinuka, wala hakunyoosha mkono kupokea kile kibuyu.

Mganga akaamuru nyumba ichimbwe. Wawili wakaingia na majembe. Yeye akaingia nyuma yao, na mimi, bila kufikiri, nikaingia nyuma yake. Walichimba kwenye kona ya chumba cha mama, chini ya kitanda. Vumbi lilijaa. Mganga akainama juu ya shimo, akatia mkono, akatoa pembe ndogo iliyofungwa kitambaa cheusi, akaiinua juu.

Nje wakapiga kelele iliyonitoa roho.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona nguo tangu nikiwa msichana, na jicho langu huenda kwenye mshono hata nikiwa msibani. Alipoinua mkono, kipande cha mkono wa joho kilipinduka, na nikaona kwa ndani kitambaa kingine kilichoshonwa juu ya kile cha kwanza, kwa mkono, kwa uzi mzito, kikiachwa wazi upande mmoja tu. Mfuko. Hakuna mtu anayeweka mfuko pale. Na udongo uliokuwa kwenye shimo ulikuwa na unyevu, lakini ile pembe ilikuwa kavu, haina hata chembe.

Nilijua la kufanya, na sikutaka kulifanya. Nilikuwa na uzi mkononi. Nilikuwa salama. Ningeweza kutoka nje, nikasimama na wengine, na baada ya hapo kuishi. Nakumbuka niliwaza hivyo kwa maneno kamili, kwa utulivu kabisa, wakati mama yangu yuko mlangoni.

Nikamshika mganga mkono wa joho. Nikasema, "Hapa pana mfuko."

Akanisukuma. Nikaanguka kwenye shimo, nikaamka, nikatoka nje nikiwa na udongo mpaka mdomoni, nikasema tena. Sikupiga kelele, sauti haikuja. Nilisema kama mtu anayezungumza na mteja: "Ndani ya mkono wa joho lake pana mfuko umeshonwa. Mwambieni aupindue. Ile pembe ni kavu, njooni muione."

Ningependa kusema kwamba watu waliamini. Hawakuamini. Kijana mmoja alinipiga fimbo ya bega, nyingine ikanipata sikioni, na mtu nisiyemjua akasema mtoto wa mchawi ni mchawi. Jirani yetu akasimama mbele ya mama akamfunika kwa mwili wake, naye akapigwa. Nilimsikia akisali kwa Kirundi, haraka haraka, kwa sauti ya juu. Nilidhani ndiyo mwisho wetu.

Kilichotuokoa kilikuwa kitu kidogo. Mwenyekiti wa kitongoji alimwambia mganga, "Pindua basi mkono wa joho, mzee, tumalize." Hakusema kwa ujasiri, alisema kama mtu anayeomba. Mganga akakataa. Akasema joho lake haliguswi na mtu asiyetakaswa. Mwenyekiti akavaa kofia yake. Akasema suala hili sasa linangojea ofisi ya kata, na kwamba mtu yeyote atakayemgusa mama huyu kabla ya hapo, yeye atalitaja jina lake polisi, kwa sababu majina ya wote anayo. Watu wakanung'unika. Wengine wakaanza kuondoka, kisha wengine. Mganga alisema watarudi Jumamosi.

Tuliketi ndani na majeraha yetu, tumesukumia meza mlangoni. Ndipo nilipoukata uzi. Jirani yetu akanyoosha mkono wake, nikaukata na wake. Mama alikuwa amelala kitandani, juu ya lile shimo, akiangalia dari.

"Nimelia sana mbele za watu," akasema. "Nimeaibika."

Hadithi ikanijia yenyewe, moja ya zile nilizozichukia. Yule mama kijana aliyekuwa gerezani, alikuwemo pamoja naye mtumwa, mwanamke mjamzito, na uchungu ulimshika mle mle gerezani kabla ya siku yao. Baba hakuacha kusema kila mara kwamba alilia. Alilia kama wanawake wote wanavyolia wakijifungua, na mlinzi akamcheka, akamuuliza atafanyaje basi mbele ya wanyama. Nikamkumbusha mama. Nikamwambia, "Alilia, mama. Wewe mwenyewe unajua. Alilia na bado hakukana."

Mama akafikiri. "Kweli," akasema. "Baba yako hakuwa anairuka sehemu hiyo."

Jumamosi tuliamka tukisubiri ngoma. Badala yake, mara baada ya jua kuchomoza, mtu akabisha hodi. Alikuwa yule mwimbaji wa kwaya, na ungo wa karanga kichwani. Hakuingia. Aliketi uwanjani akaanza kumenya. Baada yake akaja mwenyekiti wa jumuiya ndogo, akasema "Shikamoo, mama," mama akaitikia "Marahaba," na mwanamke yule akainama akalia. Walifika wanane au tisa, wengine wakiwa bado na uzi mkononi, wengine wakiwa na alama tu mahali ulipokuwa. Wamoraviani wawili wa upande wa kisima walikuja pia. Hakuna aliyehubiri. Mchana akatokea katekista, viatu vimejaa vumbi la njia ya Urambo, akasimama nje ya uzio. Hakuthubutu kupita.

Mama alimwona. Akaniambia nimpelekee kigoda.

Siku nzima tulikaa pale, na nadhani sijapata kuogopa kwa muda mrefu namna ile bila kupumzika. Kila pikipiki iliyopita tuliacha kumenya. Mama alimwomba katekista atusimulie kitu, akasema hana la kusimulia. Basi mama akaanza mwenyewe, habari za vyeti, na wale wenye uzi mkononi wakasikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye karanga. Alipofika penye mlango wa kanisa katekista akafunika uso wake kwa mikono.

Lambalamba hawakuja. Tulisikia kwamba waliondoka alfajiri ya Jumapili kuelekea magharibi, baada ya kuambiwa gari la polisi limetoka Urambo. Gari hilo lilifika Jumatatu. Mganga alikamatwa au hakukamatwa, nimesikia yote mawili. Bwana afya wa kata alikuja baadaye akapima maji ya kisima cha bondeni, na kikafungwa. Hakuna aliyekuja kumwambia mama kwamba walikosea.

Nilimchukua mama Mtendeni akakaa nami mpaka mvua za kwanza. Nilikwenda kuungama kwa padri wa parokia ya pale mjini, nikamweleza yote, pamoja na ile saa niliyosimama juu ya shimo nikihesabu usalama wangu. Aliniuliza kama nilikuwa nimekwisha kusamehewa na mama. Nikasema ndiyo, siku ile ile. "Basi unafahamu inavyokuwa," akasema, akanipa malipizi.

Mvua zilipoanza, mama akataka kurudi akapande. Nilijaribu kumzuia nikashindwa. Yuko kule hadi leo. Baadhi ya watu wa bondeni bado hawamsalimii, na kuta za nje za nyumba yake zimeandikwa kwa mkaa neno ambalo yeye hulifuta na mtu asiyejulikana huliandika tena. Kila wiki natuma salamu kwa dereva wa basi, na kila wiki nasubiri jibu. Simu ikilia alfajiri siipokei mara moja. Naishika kwanza, nasema Baba Yetu nusu, halafu naipokea.

Mwezi uliopita nilikuwa kule. Tulikwenda naye kigangoni Jumapili, akitembea polepole kwa sababu ya goti, na njiani tukapishana na mama wa yule mtoto wa mwisho aliyezikwa. Nilimshika mama mkono, nikahisi na wake umekaza. Tukasimama. Yule mwanamke naye akasimama. Kisha mama akamsalimu salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," na tukangoja, na mwanamke akaitikia kwa sauti ndogo sana, akaendelea na njia yake.